Achille Maramotti: Mtoto wa mwalimu wa ushonaji aliyeijenga Max Mara

Anayefungua belo la mitumba huangalia mambo mawili kabla ya rangi: mshono na lebo. Mshono humwambia kama nguo itadumu, lebo humwambia kama itauzika. Kwa makoti ya wanawake yanayotoka Italia, lebo ya Max Mara ni miongoni mwa zile ambazo mnunuzi mzoefu huziweka kando upesi, kabla mwenzake hajaziona. Wengi wanaoijua lebo hiyo hudhani Max Mara ni jina la mtu, pengine mwanamke mbunifu wa mitindo aliyeishi Milano au Roma. Mtu huyo hakuwahi kuwapo.

Aliyekuwapo ni Achille Maramotti, msomi wa sheria kutoka mji wa kawaida wa kaskazini mwa Italia, ambaye mwaka 1951, akiwa na miaka 24, aliacha njia ya mahakama akaanza kutengeneza makoti. Alipofariki dunia Januari 12, 2005, akiwa na miaka 78, biashara yake ilikuwa imeenea duniani kote, na bado watu wengi waliovaa nguo zake hawakulijua jina lake. Hilo halikuwa bahati mbaya. Alitaka iwe hivyo, na sehemu kubwa ya mafanikio yake ilitokana na uamuzi huo.

Mji wa jibini na bendera

Maramotti alizaliwa Januari 7, 1927, mjini Reggio Emilia. Mji huo uko katika uwanda wa mto Po, kati ya Parma na Modena, kando ya barabara ya kale ya Warumi iitwayo Via Emilia. Waitaliano wanaujua kwa mambo mawili. La kwanza ni bendera: rangi tatu za kijani, nyeupe na nyekundu, ambazo leo ni bendera ya taifa lao, zilipitishwa hapo Januari 7, 1797. La pili ni jibini ngumu ya Parmigiano Reggiano, inayokaa ghalani mwaka mmoja hadi miwili, pengine zaidi, kabla ya kuuzwa. Ni nchi ya wakulima, wafugaji na vyama vya ushirika, watu wenye subira na wenye hesabu.

Katika ukoo wa Maramotti kulikuwa na elimu nyingine, ya mkasi na sindano, na walioibeba walikuwa wanawake. Mama wa bibi yake, Marina Rinaldi, alikuwa na karakana ya kushonea nguo za wanawake katikati ya mji huo, katikati ya karne ya 19. Mama yake mzazi, Giulia Fontanesi Maramotti, alikuwa mwalimu. Alitunga njia yake mwenyewe ya kukata nguo akaanzisha shule ya kuifundisha. Wasichana walijifunza hapo kupima mwili, kuchora vipande kwenye karatasi, kukata kitambaa na kuunganisha.

Fundi wa kawaida ana ujuzi wake mikononi, na akiondoka, ujuzi huondoka naye. Mwalimu hana budi kuutoa ujuzi huo mikononi na kuuweka kwenye karatasi, kwa vipimo na kanuni, ili mwanafunzi asiye na kipaji naye aweze kutoa kola iliyonyooka. Achille alikulia katika nyumba ambamo ushonaji ulikuwa umekwisha kugeuzwa hesabu. Alisomea sheria na kuhitimu, lakini aliporudi kwenye riziki, alirudi kwenye karatasi za mama yake.

Mwaka wa viwanda kufungwa

Mwaka 1951 haukuwa mwaka wa kumshawishi kijana kuanzisha kiwanda Reggio Emilia. Mji ulikuwa umetoka vitani ukiwa na majeraha. Kiwanda chake kikubwa kuliko vyote, Reggiane, kilichokuwa kikitengeneza ndege za kivita na kuajiri zaidi ya watu 10,000, kilipigwa mabomu Januari 1944. Amani iliporudi, ndege hazikuhitajika tena. Mwaka 1950 wafanyakazi walipotangaziwa kupunguzwa, walikikalia kiwanda kwa takribani mwaka mzima, na humo ndani wakaunda trekta walilolipa jina R60 ili kuonyesha kwamba mikono yao bado ilikuwa na kazi. Mgogoro ulipoisha mwaka 1951, maelfu walikuwa hawana ajira.

Katika mwaka huohuo, kijana wa miaka 24 alifungua kampuni ya nguo katika mji huohuo. Wengi wangesema kwamba watu wasio na mishahara hawanunui makoti. Lakini msimu wa baridi katika uwanda wa Po ni mkali, una ukungu na theluji, na koti si pambo. Mwanamke anaweza kuahirisha gauni, hawezi kuahirisha koti. Tena mji ulikuwa na wasichana wengi waliojua kukata na kushona, wakisubiri mtu wa kuwapa kazi.

Nguo ya kushonewa na nguo ya dukani

Ili kuona ukubwa wa alichojaribu, ni lazima tujue Italia ya wakati ule ilivaa vipi. Mwanamke mwenye uwezo alikuwa na fundi wake. Alinunua kitambaa, akaenda kupimwa, akarudi kujaribu mara ya kwanza, akarudi tena kurekebishiwa, na baada ya wiki kadhaa akachukua nguo yake. Asiye na uwezo alishona mwenyewe nyumbani, au alimpelekea jirani mwenye cherehani. Nguo iliyokuwa tayari dukani ilikuwa ya mtu aliyekosa namna: kitambaa hafifu, mabega yaliyokaa vibaya, mshono uliopinda. Kuonekana umevaa nguo ya dukani kulikuwa karibu na aibu.

Marekani hali ilikuwa tofauti. Huko viwanda vilikuwa vimekwisha kujifunza kutengeneza nguo nyingi kwa saizi maalumu, na mwanamke wa ofisini aliingia dukani asubuhi akatoka na suti inayomkaa. Maramotti aliiangalia Marekani kwa namna ya kutengeneza, akaiangalia Paris kwa namna ya mitindo. Makoti yake ya mwanzo yalifuata mistari ya mabingwa wa Ufaransa, ila yalitengenezwa kwa utaratibu wa kiwanda.

Waitaliano wengine mwaka huo walichagua njia nyingine. Februari 12, 1951, mfanyabiashara Giovanni Battista Giorgini aliwaalika nyumbani kwake Florence wanunuzi wachache wa maduka makubwa ya Amerika Kaskazini, akawaonyesha kazi za mafundi bora wa Italia. Siku hiyo huhesabiwa kuwa ndiyo iliyoifungulia mitindo ya Italia mlango wa dunia. Njia ile ilikuwa ya nguo za kifahari, za kushonewa mtu mmoja mmoja, za mabinti wa kifalme na nyota wa sinema.

Maramotti hakuwataka mabinti wa kifalme. Mteja aliyemlenga alikuwa mke wa daktari na mke wa wakili katika miji ya kawaida kama Reggio Emilia: mwanamke mwenye kipato cha kati, anayejua kitambaa kizuri akikishika, anayetaka kupendeza kanisani na kwenye shughuli, na asiyetaka kuhudhuria kwa fundi mara nne kwa ajili ya koti moja. Wanawake wa namna hiyo walikuwa wengi, na hakuna aliyekuwa akiwahudumia ipasavyo.

Jina la mlevi nadhifu

Alianza na mzigo mdogo: makoti na suti, si zaidi. Biashara ilianza kwa jina la ukoo, lakini jina hilo lilikuwa refu kwa lebo na gumu kwa mgeni. Akalikata. Sehemu ya Mara ilitoka kwenye Maramotti. Sehemu ya Max, kwa mujibu wa habari inayosimuliwa na nyumba hiyo yenyewe, ilitoka kwa mtu mmoja wa mjini aliyeitwa Kaunti Max, ambaye mara nyingi alikuwa amelewa lakini hakuonekana hata siku moja amevaa vibaya.

Jina lililopatikana lilikuwa fupi, lenye herufi saba, na mtu wa Madrid, Berlin au Tokyo aliweza kulitamka bila kufundishwa. Pia halikumtaja mtu aliye hai. Aliyeweka jina lake kwenye lebo ana kazi ya kuishi kama lebo: apigwe picha, aalikwe karamuni, asizeeke. Lebo isiyo ya mtu haina umri na haina magomvi. Maramotti alijikata nusu ya jina lake, na hakurudi nyuma.

Hesabu ya koti moja

Uchaguzi wa koti ulikuwa na hesabu yake. Gauni hubana kiuno na kifua, na kosa la sentimita mbili huonekana. Koti huvaliwa juu ya nguo nyingine, lina nafasi ndani yake, na likikaa vizuri mabegani basi limekaa. Kwa kiwanda kinachojifunza kutengeneza saizi, koti husamehe zaidi kuliko gauni. Pia bei yake ni kubwa, kwa hiyo faida ya kila kipande inaweza kubeba gharama ya kitambaa bora.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza hutengenezwa koti moja la mfano, na fundi stadi hulirekebisha hadi kila mstari utulie. Kisha vipande vyake vyote huchorwa kwenye karatasi: mgongo, vifua viwili, mikono, kola, mifuko, bitana. Karatasi hizo hukuzwa na kupunguzwa kwa vipimo maalumu ili zitoe saizi nzima nzima. Majora ya kitambaa hutandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, karatasi hupangwa juu yake kwa namna isiyopoteza kitambaa, na mkasi wa mashine hukata makoti mengi kwa mkupuo mmoja. Baada ya hapo kila mfanyakazi hupewa hatua yake: huyu mabega, huyu mifuko, huyu matundu ya vifungo, huyu pasi.

Ugumu mkubwa ulikuwa saizi. Fundi hupima mteja mmoja. Kiwanda kinapaswa kukisia miili ya watu ambao hakijawahi kuwaona. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ya GFT ya mjini Torino iliwapima Waitaliano wapatao 25,000 ili kujua nguo zake zikatwe vipi. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyoifanya nguo ya dukani iache kuwa ya aibu. Mfanyabiashara wa leo bado anaishi na matokeo yake, maana kila nchi ilijiwekea namba zake: nguo ya wanawake yenye namba 42 ya Italia hukaribia 38 ya Ufaransa na 10 ya Uingereza. Anayenunua kwa namba bila kujua nchi iliyoiandika huishia na mzigo usiomkaa mtu.

Maramotti aliongeza sharti lake mwenyewe: kitambaa kisipunguzwe. Kiwanda kimeokoa saa za kazi, basi sehemu ya akiba hiyo irudi kwenye sufu nzuri, kwenye bitana na kwenye mshono. Mteja aliyezoea fundi wake angegeuza koti aangalie ndani, na asingerudi tena kama angekuta uzi unaning'inia. Kushinda kwa bei ndogo peke yake kungemrudisha kwenye ile nguo ya dukani iliyodharauliwa.

Kiwanda na soko la nchi sita

Mwaka 1957 kampuni ilihamia kwenye kiwanda kipya kilichochorwa na wasanifu wawili, Antonio Pastorini na Eugenio Salvarani. Kilijengwa kwenye barabara yenye jina la ndugu saba wa familia ya Cervi, wakulima wa eneo hilo waliopigwa risasi na mafashisti Desemba 28, 1943. Lilikuwa jengo la zege lenye madirisha mengi, kwa sababu macho ya mshonaji yanahitaji mwanga wa mchana.

Mwaka huo una jambo jingine linalowahusu wafanyabiashara. Machi 25, 1957, Italia, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Ubelgiji, Uholanzi na Luksemburgi zilitia saini Mkataba wa Roma ulioanzisha soko la pamoja. Ushuru kati ya nchi hizo ulipunguzwa hatua kwa hatua hadi ulipoondolewa kabisa Julai 1, 1968. Koti lililoshonwa Reggio Emilia liliweza kuuzwa Munich au Lyon bila kulipiwa ushuru mpakani.

Lakini kuondoa ushuru hakumpi mtu mteja. Mpaka ukifunguka, hufunguka pande zote mbili, na bidhaa za Ufaransa na Ujerumani nazo zilikuwa huru kuingia Italia. Waliofaidika ni wale ambao mpaka uliwakuta tayari: wenye saizi zinazoaminika, wenye ubora usiobadilika kutoka mzigo wa kwanza hadi wa kumi, na wenye uwezo wa kuleta mzigo kwa tarehe waliyoahidi. Maramotti alikuwa ameyajenga hayo kwa miaka 17 kabla ushuru wa mwisho haujaondolewa.

Mafundi walikwenda wapi?

Kuna upande mwingine ambao hauwezi kupitwa. Kila koti lililonunuliwa dukani lilikuwa koti moja ambalo fundi wa mtaani hakulishona. Katika miaka ya 1950 na 1960, uchumi wa Italia ulipokua kwa kasi, maelfu ya mafundi wadogo nchini humo walipoteza wateja wao. Wengine walizeeka na kazi yao. Wengine waliingia viwandani, kwenye mishahara na saa zilizopangwa, wakaacha kushona koti zima na kuanza kushona kola peke yake, siku baada ya siku.

Walichopata ni mshahara unaokuja mwisho wa mwezi bila kumfukuza mteja anayekopa. Walichopoteza ni kuitwa kwa jina. Mwanamke aliyekuwa akijulikana mtaa mzima kwa mkono wake mzuri alikuwa sasa mmoja kati ya wengi katika safu ya cherehani. Shule ya Giulia ilikuwa imefundisha wasichana kutengeneza nguo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiwanda cha mwanawe kilihitaji wengi wao kwa hatua moja tu. Ujuzi uleule wa karatasi ulioinua kazi ya fundi ndio uliomfanya awe rahisi kubadilishwa. Haya mawili yalikuja pamoja, na anayetamani viwanda vya nguo kwake hana budi kuyahesabu yote.

Hata hivyo kiwanda hakikuweza kuishi bila mafundi wazima. Koti la mfano lilihitaji mtu anayeuona mwili ndani ya kitambaa. Mabega na kola vilihitaji mkono uliozoea. Maramotti alilijua hilo kwa kuwa alizaliwa nalo, na kazi ya mkono haikuondoka kabisa katika makoti yake ya bei ya juu.

Wabunifu wasiotajwa

Kadiri biashara ilivyokua, ladha za wanawake zilibadilika. Wasichana wa miaka ya 1960 hawakutaka kuvaa kama mama zao. Kampuni nyingi zilizozoea mke wa daktari zilikwama hapo. Maramotti hakulibadilisha koti la mama ili limpendeze binti. Alimwanzishia binti lebo yake, Sportmax, mwaka 1969. Mwaka 1986 ikaja Max & Co., kwa vijana zaidi.

Kati ya hizo mbili, mwaka 1980, alianzisha lebo ambayo huenda ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi akili yake ya biashara. Wanawake wanene walikuwa wakiingia madukani na kutoka mikono mitupu. Walichotengenezewa kilikuwa mifuko ya kuficha mwili. Fundi wa zamani hakuwa na tatizo nao, kwa sababu alimpima kila mtu alivyo; ni kiwanda kilichowaacha nje. Maramotti aliwatengenezea nguo zilizochorwa kwa miili yao tangu mwanzo, kwa kitambaa kilekile kizuri, akaipa lebo hiyo jina la mama wa bibi yake: Marina Rinaldi.

Kwa upande wa mitindo aliajiri wabunifu kutoka nje, wengi wao vijana. Walipita hapo Karl Lagerfeld, Jean-Charles de Castelbajac, Luciano Soprani, Guy Paulin na wengine ambao baadaye majina yao yalijaa magazetini. Walilipwa, walichora, na lebo ikabaki Max Mara. Mnunuzi dukani hakuambiwa nani kachora. Mbunifu alipoondoka kwenda kutafuta jina lake, wateja hawakumfuata, kwa sababu walichokuwa wakikiamini ni koti.

Mwaka 1981 mmoja wa wabunifu hao, Mfaransa Anne-Marie Beretta, alichora koti ambalo lilipewa namba badala ya jina: 101801. Ni koti refu la sufu na kashmiri, la vifungo safu mbili, lenye mikono mipana iliyokatwa kama ya kimono, na rangi yake inayojulikana zaidi ni ile ya ngamia. Umbo lake limetokana na koti la kiume, ila lina nafasi ya mwanamke kulivaa juu ya suti yake ya kazini. Kulitengeneza kunapitia zaidi ya hatua 70. Mitindo mingine ya mwaka ule imesahauliwa. Koti hilo bado linashonwa na kuuzwa, zaidi ya miaka 40 baadaye, bila kubadilishwa sana.

Kwa mfanyabiashara, bidhaa ya namna hiyo ina thamani ambayo haionekani kwenye bei. Mtindo wa msimu mmoja usipouzika hadi msimu ukaisha, lazima ushushwe bei. Koti lisilopitwa na wakati halioni haya kubaki ghalani. Likibaki mwaka huu, litauzwa mwakani kwa bei ileile.

Benki inayopokea jibini

Maramotti aliwekeza faida yake pia katika benki ya mji wake. Benki hiyo ilianzishwa mwaka 1910 ikiwa ya wakulima na wafanyabiashara wa Reggio Emilia, na mwaka 1983 ikachukua jina la Credito Emiliano, maarufu kama Credem. Ukoo wa Maramotti ulikuwa miongoni mwa wamiliki wake wakuu.

Benki hiyo inajulikana duniani kwa jambo moja. Mtengenezaji wa jibini ya Parmigiano Reggiano anapaswa kuwalipa wafugaji kwa maziwa ya leo, ilhali jibini yake haitauzwa mpaka ikomae. Mtaji wake umefungwa ghalani. Basi huipeleka jibini kwenye maghala ya benki, nayo humpa mkopo kwa dhamana ya jibini hiyo hiyo, huku ikiitunza, kuigeuza na kuikagua. Akishindwa kulipa, benki huuza jibini. Utaratibu huo haukubuniwa na Maramotti, lakini unaonyesha mazingira aliyofanyia kazi: mji ambao wenye fedha waliijua bidhaa kwa kuishika, na mwenye mzigo mzuri hakulazimika kuwa na shamba au nyumba ili akopeshwe.

Picha ukutani

Mapenzi yake mengine yalikuwa sanaa. Tangu ujanani alinunua picha na sanamu za wasanii wa wakati wake, wengi wao kabla hawajajulikana. Nyingine alizitundika kiwandani, mahali ambapo wachoraji wa mitindo, wakataji na washonaji walipita kila siku. Baadhi ya kazi hizo zilikuwa ngumu hata kwa wataalamu, na si kila mfanyakazi alizipenda. Lakini watu wanaochagua rangi na mistari kwa riziki yao walikuwa na cha kutazama zaidi ya ukuta mtupu.

Yeye mwenyewe hakupenda kutazamwa. Alibaki Reggio Emilia, hakuhamia Milano ambako biashara ya mitindo ilikuwa imehamia, na alizungumza na waandishi wa habari kwa nadra. Kampuni hakuiuza na hakuipeleka kwenye soko la hisa. Katika miaka ya 1990, wakati makundi makubwa ya kifahari yalipokuwa yakizinunua nyumba za mitindo za Italia moja baada ya nyingine, Max Mara ilibaki mikononi mwa ukoo, na watoto wake watatu, Luigi, Ignazio na Maria Ludovica, waliingia katika kazi yake.

Alichoacha

Kabla hajafariki, shughuli za kampuni zilikuwa zimehamia makao mapya nje ya mji, na jengo la 1957 likabaki bila cherehani. Yeye alikuwa na nia ya kuiweka wazi sanaa yake kwa watu. Mwaka 2007, miaka miwili baada ya kifo chake, jengo hilo lilifunguliwa kuwa makumbusho, Collezione Maramotti, yenye zaidi ya kazi 200 za sanaa katika maonyesho yake ya kudumu. Kuingia ni bure. Sakafu za zege ambako cherehani zilikaa zimeachwa kama zilivyokuwa.

Biashara nayo iliendelea. Leo nguo za kundi hilo zinauzwa katika zaidi ya nchi 100. Kampuni nyingi za mitindo hutikisika mwanzilishi anapokufa, kwa sababu wateja walikuwa wakinunua jina lake. Januari 2005 hakuna mteja wa Max Mara aliyeingia dukani akajiuliza kama makoti yangebadilika. Karatasi zilikuwapo, vipimo vilikuwapo, na waliozifuata walikuwa walewale wa mwezi uliotangulia.

Mengi ya aliyoyafanya Maramotti hayakuhitaji mtaji mkubwa mwanzoni. Alimchagua mteja mmoja akamjua. Alianza na bidhaa moja, ile ambayo mteja hawezi kuiahirisha. Aliandika namna ya kuitengeneza ili isitegemee mkono wa mtu mmoja, hata mkono wake. Alipopata nafuu ya gharama, hakuila yote. Sehemu aliirudisha ndani ya koti, upande wa bitana, ambako mteja hukagua akiwa peke yake. Yaliyobaki yalikuwa miaka 54 ya kutobadili sharti hilo.